Mpaka wa hifadhi hautoshi

Mkuu, umeuliza: kama Mlima Meru tayari uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, viwanja vinavyopimwa huko chini vinamkera mnyama gani?

Vinamkera tembo, kwanza. Hifadhi ile ni ndogo, na tangu ianzishwe mwaka 1960 jiji limezidi kuisogelea. Upande wa kusini ndiko kwenye mvua, migomba na kahawa, na huko nafasi imeshakwisha. Kilichobaki ni kaskazini, kwenye ukame, mbuga za kuelekea Longido na magharibi ya Kilimanjaro. Mtu akipita anaona vumbi na migunga, anadhani ni pori lisilo na kazi. Kumbe nchi kavu ndiyo inayohitaji nafasi kubwa zaidi: majani yakikauka hapa, mnyama lazima ahame afuate mvua ilikonyesha.

Ng'ombe si tatizo kubwa hapo (najua wengine watanirukia). Malisho ya Mmasai yanaacha njia wazi. Ukuta na senyenge ndivyo vinavyoziba. Ndiyo maana ushoroba (njia ya kupita wanyama) wa Kitendeni, unaounganisha Kilimanjaro na Amboseli ya Kenya, una thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Kanuni za shoroba zipo tangu 2018. Ila kwa ardhi ya kijiji, kinga ya karibu ni mpango wa matumizi bora ya ardhi na hati za kimila za kikundi kwa wafugaji, yaani ardhi wanayoimiliki kwa pamoja. Ukitaka kununua huko, omba kwanza kuuona huo mpango ofisi ya kijiji, kabla hujamlipa dalali.