Haki ya aliyekamatwa haiangalii ni nani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini shoga aliyekamatwa alalamike akidhulumiwa na polisi, ilhali sheria bado inamhesabu kuwa mkosaji. Swali hilo lilikwisha kujibiwa hapa hapa Mombasa: wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 walilazimishwa kupimwa sehemu ya haja kubwa hospitalini, na ingawa Mahakama Kuu ilikataa malalamiko yao mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa iliamua Machi 2018 kwamba upimaji huo ulikiuka Katiba. Kifungu 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya ngono kati ya wanaume kuwa kosa, kilikuwepo wakati huo na kipo hadi leo. Hata hivyo, hakuna kifungu kinachomruhusu askari kumpiga mshukiwa, kumvua nguo ili kumdhalilisha, au kumdai pesa ili asimtangaze kwa wazazi wake, jambo ambalo mimi naliona la kikatili kuliko hata kipigo. Aliyetendewa hivyo hawezi kutarajiwa kurudi kwenye meza ya askari yuleyule kuandikisha taarifa. Apeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ambayo sheria ya 2011 imeipa uwezo wa kuchunguza polisi, na ni lazima uchunguzi huo ufanywe hata kama mlalamishi ametengwa na mtaa mzima.