Kipa mfupi wa Shela

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kipa wa timu ya mtaani hapa Shela, Lamu. Juzi nilifungwa bao la juu, kocha akanivua glavu: "Mfupi wewe, nenda winga." Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Jorge Campos wa Meksiko, mtoto wa Acapulco, mji wa pwani kama kwenu, hakufika mita 1.75, na alidaka kwenye Kombe la Dunia 1994 na 1998. Jezi alizibuni mwenyewe, zang'aa kuliko leso za Idi! Silaha yake miguu: alitoka langoni mapema, akauwahi mpira. Tena kule klabu ya Pumas alicheza hata mshambuliaji, akafunga mabao. Basi winga kubali, ila glavu usimpe mtu. Na bao lile, uliganda mstarini, sivyo?