Nilipoitwa shahidi namba moja

Nilikatwa panga mkono wa kushoto nikirudi Nkuhungu, hapa Dodoma, nimetoka kufunga meza yangu ya biashara soko la Sabasaba. Mfuko wa mauzo ukaenda, simu ikaenda. Siku ya tatu kijana akakamatwa, simu akiwa nayo, nikasema basi, kesi ninayo. Mahakamani karani akasoma: Jamhuri dhidi ya fulani. Jina langu halikusikika popote. Nikamnong'oneza mwendesha mashtaka, "Kaka, na mimi je?" Akacheka kidogo. "Dada, wewe ni shahidi wangu namba moja."

Hilo ndilo wengi hatulijui. Kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Wewe uliyeumizwa huwezi kuifuta, na mshtakiwa akiachiwa huwezi kukata rufaa; mwenye uwezo huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama ya Mwanzo ni habari nyingine: pale mlalamikaji unaisimamia mwenyewe, na mshtakiwa akiachiwa una siku 30 za kukata rufaa.

Kwa hiyo nafasi za kusikika ni chache, na ya kwanza ni maelezo unayoandikisha polisi. Yangu yaliandikwa saa nne usiku na askari aliyechoka, nikasaini bila kusomewa. Miezi baadaye wakili wa mshtakiwa akaniuliza: taa ilikuwa wapi? Nikasema mbele ya duka. Akayainua maelezo yangu: neno taa halimo. Jasho lilinitoka. Mahakama ya Rufani imeelekeza tangu 1980 kwamba utambuzi wa usiku upimwe kwa mwanga, umbali, muda uliotumia kumwona mtu na kama ulimfahamu kabla. Yaseme yote siku ile ile, omba usomewe, ndipo usaini. Mimi niliokolewa na boksi la simu lenye namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha kila simu, pamoja na risiti ya duka. Msitupe maboksi.

Ondoka kituoni na namba ya RB (namba ya taarifa yako pale polisi), jina na simu ya mpelelezi, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kama umeumia. PF3 hailipiwi. Ila kama damu inamwagika, hospitali kwanza. Na ulizia kesi imepangwa "kutajwa" au "kusikilizwa". Mimi nilifunga meza mara nne kwenda kusikia inatajwa na kuahirishwa, wakati shahidi anahitajika siku ya kusikilizwa tu.

Katikati ya hayo mama yake kijana alikuja nyumbani, bahasha mkononi. "Mwanangu, tuyamalize sisi wenyewe." Tulilia wote wawili, sisemi uongo. Lakini mapatano sheria inayaruhusu kwenye mambo madogo, kama shambulio la kawaida. Unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake hakipungui miaka 30, na hauishii sebuleni. Ukipokea bahasha kisha ukajificha, kumbuka kwamba shahidi aliyepewa wito asipotokea anaweza kukamatwa yeye.

Sasa fidia, ambayo ndiyo imenifanya niandike. Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa wanaoathirika na makosa ya wengine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani akulipe. Ni uwezo tu, na hakimu hawezi kukadiria asichokiona. Mimi nilishonwa nyuzi kumi na moja, nikanunua dawa, nikakaa wiki sita bila biashara. Risiti? Nyingine nilikuwa nimewashia jiko. Siku ya hukumu nilikaa benchi la nyuma, kimya kama mgeni. Miaka 30 ikasomwa, hakimu akainuka, fidia haikutajwa kabisa. Baadaye ndipo mwanasheria mmoja wa msaada wa kisheria akaniambia: ungempa mwendesha mashtaka orodha ya gharama zako na risiti mapema, kesi ikiwa bado inasikilizwa, aiombe kwa niaba yako. Mlango wa kesi ya madai bado uko wazi, alisema. Nikamwuliza nimdai nani, kijana asiyekuwa na hata baiskeli?

Simu ilibaki mahakamani kama kielelezo, yaani ushahidi. Hiyo pia huombewa amri ya kurudishwa, haiji yenyewe, na safari hii sikusubiri. Niliipata, nikaisainia mbele ya karani. Betri ilikuwa imevimba.