Usikariri oganeli, fuata protini moja safarini

Nilipokuwa kidato cha tatu nilibandika jedwali la oganeli, yaani sehemu ndogo za seli zenye kazi maalumu, ukutani kwetu Kayole, juu ya kitanda. Kiini hudhibiti seli. Mitokondria hutoa nishati. Ribosomu hutengeneza protini. Nililijua kama jina langu. Kisha mtihani ukauliza jinsi seli inavyotengeneza kimeng'enya na kukitoa nje. Nikamwaga jedwali lote kwenye karatasi na kuambulia alama moja kati ya sita.

Siku hizi nafundisha Baiolojia jioni, wanafunzi wachache sebuleni, na kila muhula nakutana na kosa lile lile. Kila oganeli wanaijua, lakini hawajui inapokea nini wala inampa nani. Ushauri wangu ni huu: chagua protini moja, uifuate tangu inapoanza mpaka inapotoka nje ya seli.

Mimi hutumia insulini, protini inayoshusha sukari ya damu, kwa sababu mama yangu ana kisukari na hujidunga kila siku. Jioni moja nilitoa kichupa chake kwenye friji, nikakiweka mezani katikati ya madaftari, nikawauliza: mwili wenyewe huitengenezaje?

Tulianzia kwenye seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini. Kiini hakitoi nje DNA yake, yenye maagizo ya kutengeneza protini. Hutoa nakala, RNA, inayopenya kwenye vitundu vya utando wake. Ribosomu huisoma na kuanza kuunga mnyororo wa asidi amino, vipande vinavyojenga protini. (Ribosomu yenyewe haina utando, na watahini hulipenda swali hilo.) Mwanzo wa mnyororo hufanya kazi kama anwani: huivuta ribosomu hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, na mnyororo ukaingizwa ndani. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani zake zenyewe.

Mnyororo huo una asidi amino 110. Anwani ikikatwa hubaki 86. Humo ndani protini hukunjwa na kufungwa kwa viungo vya salfa, na iliyokunjwa vibaya huzuiwa na kuvunjwa. Iliyo sawa hubebwa na kifuko cha utando kinachochomoza, kikakatika na kuelekea Golgi. Golgi huipanga na kuipakia kwenye vifuko vingine, na humo kipande cha kati hukatwa. Hubaki 51, insulini kamili, ikingoja.

Inangoja nini? Hapa ndipo madaftari yalipotulia. Sukari ya damu ikipanda, glukosi huingia kwenye seli, mitokondria huimalizia kuichoma, na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huongezeka. ATP hiyo hufunga milango ya potasiamu kwenye utando wa seli, milango ya kalisi (kalsiamu) ikafunguka, na kalisi inapoingia vifuko huungana na utando na kumwaga insulini nje. Kwa hiyo mitokondria ndizo zinazopeleka habari kwamba chakula kimefika. Hilo jedwali langu halikuwahi kuniambia.

Hata wanasayansi waliijua njia hii kwa kufuata. George Palade na wenzake walizipa seli za kongosho asidi amino zenye mnururisho, wakaangalia zilipofika: dakika chache za kwanza kwenye retikulamu, baadaye Golgi, na baada ya saa mbili hivi ndani ya vifuko. Palade alikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel mwaka 1974.

Kwa mmea, fuata sukari. Chukua jani la sukuma wiki. Kloroplasti hutengeneza sukari kwa mwanga, na mitokondria za jani lilo hilo huivunja, mchana na usiku. Tafadhali lishike hili, maana wengi huandika kwamba mimea haina mitokondria. Jua likiwa kali na vitundu vya jani vimefungwa, kloroplasti mara nyingi zaidi hushika oksijeni badala ya kabonidioksidi. Zao lisilofaa linalotokea hupitishwa kwenye peroksisomu, oganeli nyingine ndogo, kisha mitokondria, likarudi kloroplasti likiwa limeokolewa kwa sehemu kubwa. Oganeli tatu kwa kazi moja. Na mama mboga anaponyunyizia sukuma maji ili isinyauke, anazisaidia vakuoli, vifuko vya maji ndani ya seli, kubaki zimejaa na kuusukuma ukuta wa seli.

Sasa chukua karatasi tupu, uchore safari ya insulini bila kutazama kitabu. Kwenye kila mshale andika kinachopita, si jina la oganeli peke yake. Ukimaliza, chora nyingine ya kimeng'enya cha lisosomu, oganeli inayomeng'enya vitu ndani ya seli. Njia ni ile ile mpaka Golgi, na hapo ndipo zinapoachana.