Maswali yenu kuhusu Lupita, na mabinti wetu wanaotaka kuigiza

Wiki iliyopita niligusia habari za mwigizaji Lupita Nyong'o, ujumbe ukanimiminikia. Nimechukua maswali matano.

Nasikia Lupita ni mtu wa Mexico, si Mkenya. Kweli? (Msomaji, Dunda)

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa uhamishoni. Alirudishwa Kenya angali mchanga, akakulia huko. Jina Lupita ndilo la kule, kifupi cha Guadalupe.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anataka kuacha shule akacheze bongo muvi. Anasema Lupita aliibuka tu akabeba Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu. (Mama, Kaole)

Mama, hakuibuka tu. Ana miaka 14 alishacheza jukwaani Nairobi. Filamu ya *The Constant Gardener* ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Mwaka 2009 akaonekana kwenye tamthilia ya *Shuga*, na bado akaona hajaiva: akaenda Yale kusomea uigizaji, akamaliza 2012. Ndipo akaonekana kama Patsey, mtumwa wa shambani, katika filamu ya *12 Years a Slave*. Oscar ilikuja Machi 2014. Hesabu mwenyewe, ni miaka 17 tangu jukwaa lile la Nairobi.

Filamu hiyo ni nzito, itazame wewe kwanza. Kuna mahali Patsey anarudi kutoka shamba la jirani alikokwenda kuomba sabuni, maana bibi wa nyumba anamnyima. Anainyoosha mkononi mbele ya bwana wake, kipande kidogo tu. Sauti inampanda, ila haombi kuhurumiwa, anadai awe safi. Mimi kile kipande sijakisahau. Kuigiza namna ile mtu hajifunzii njiani.

Mimi ni mweusi sana. Mpiga video kaniambia nijichubue ndipo anipe nafasi. (Binti, Magomeni ya hapa Bagamoyo)

Mdogo wangu, usipake. Mikorogo mingine ina zebaki, na zebaki huharibu figo. Lupita mwenyewe alisema hadharani mwaka 2014 kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke mweupe. Kilichomfumbua macho ni kumwona mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudani Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa uzuri. Mwaka 2019 akawaandikia watoto kitabu, *Sulwe*, yaani nyota kwa Kijaluo. Ngozi nyeusi inataka taa iliyopangwa vizuri, na kupanga taa ni kazi ya huyo mpiga video. Kama hawezi, tafuta mwingine.

Mbona siku hizi anatia sauti kwenye katuni? Kashuka? (Msomaji, Kiromo)

Hapana. Mwaka 2024 alikuwa sauti ya roboti Roz katika *The Wild Robot*, na mwaka huohuo akaibeba filamu ya *A Quiet Place: Day One*, ambamo kusema kwa sauti ni kifo. Huku sauti tupu, kule uso tupu. Huo ni ufundi.

Nikajifunze wapi bila kwenda Dar? (Kijana, Nianjema)

TaSUBa, ndugu yangu, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Nenda ukaulize masharti ya kujiunga, na ukifika pita ufukweni. Juzi asubuhi nilimkuta binti akisema maneno yake kuushinda upepo wa bahari, mwenzake kasimama mbali, anainua mkono kila neno lisipomfikia. Aliyarudia mpaka ule mkono ukatulia.