Mnada, zabuni na dau

Swali: Naishi Dodoma Makulu. Katika tangazo la kuuza majina ya vikoa (yaani anwani za tovuti) kwa njia ya intaneti nimesoma maneno "zabuni ya wazi na haki". Je, huo si mnada? Na uwazi si ndiyo haki yenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, neno lifaalo hapo ni mnada. Limetokana na kitenzi nadi, yaani kutangaza kwa sauti ili kila mtu asikie, na ndiyo maana wagombea nao hunadi sera zao. Ukifika mnada wa mifugo wa Msalato, huko kwenu Dodoma, utamsikia mnadi akitaja bei ya ng'ombe, na anayeiongeza amesimama mbele ya macho ya wote. Zabuni nayo, ingawa kitenzi chake tangu zamani ni kutoa bei mnadani, siku hizi maofisini imekuwa jambo la bahasha zilizofungwa, ambapo mshindani haijui bei ya mwenzake mpaka zifunguliwe. Pale ambapo bei hupanda dakika kwa dakika na kila mshiriki anaiona, kuandika "zabuni" ni kumpotosha msomaji. Bei anayotaja mshiriki iitwe dau, kama watu wasemavyo, na mtajaji abaki mzabuni.

Kuhusu swali la pili, uwazi na haki ni vitu viwili, na hapa sipendi tulegeze maana. Mwaka 2009 kampuni ya SnapNames ya Marekani, inayouza majina ya vikoa kwa mnada, ilitangaza kwamba mfanyakazi wake alikuwa akizabuni kwa jina la bandia tangu 2005, ikaahidi kuwarudishia wanunuzi walioathirika tofauti ya bei pamoja na riba. Madau yale yalionekana, lakini aliyeyaweka hakujulikana ni nani, na wanunuzi wakapandishiwa bei na mtu wa ndani. Kwenye mnada wa Msalato mtu kama huyo angetambulika kwa sura.

Tena, ni bora kiunganifu, yaani neno kama "ya" au "wa", kirudiwe: "wa wazi na wa haki", kwa sababu bila hivyo "haki" inaning'inia. Tangazo hilo ningeliandika hivi: "Mnada wa wazi na wa haki wa majina ya vikoa. Kila dau litaonekana, kila mzabuni atahakikiwa kabla ya kuzabuni, na wafanyakazi wetu hawaruhusiwi kushiriki."