Maswali ya Wasomaji: Je, niikate michoro ya kitabu cha kale?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu mkubwa aliniachia kitabu cha Kiingereza kuhusu shampeni, kilichoandikwa na Henry Vizetelly na kuchapwa London mwaka 1882. Kimejaa michoro, lakini karatasi zina madoa ya rangi ya kutu. Fundi mmoja amenishauri niikate michoro ili niiuze mmoja mmoja katika fremu, na madoa niyasugue kwa maji ya javeli. Nifanye nini? — Msomaji wa Nyawera, Bukavu.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikate hata ukurasa mmoja. Michoro hiyo ilichongwa juu ya vipande vya mbao ngumu vyenye kimo sawa na herufi za risasi, ndiyo maana mchoro na maneno viliweza kupangwa pamoja na kuchapwa kwa mkandamizo mmoja. Kwa hiyo ukikata picha, mara nyingi unakata pia maneno yaliyo ubavuni mwake na yale ya nyuma ya karatasi. Vizetelly mwenyewe alijifunza uchongaji huo ujanani, kabla hajawa mwandishi na mchapishaji, na katika vitabu vyake vya divai picha haikuwa pambo, bali sehemu ya maelezo.

Thamani kubwa ya kitabu chako imo katika mambo yanayoonyeshwa humo. Mwaka 1882 kile kidudu kiitwacho filoksera, kinachonyonya mizizi ya mizabibu na ambacho tayari kilikuwa kimeangamiza mashamba mengi ya Ufaransa, kilikuwa bado hakijafika Champagne, eneo la Ufaransa inakotoka divai ya shampeni. Mizabibu ya huko ilisongamana bila mistari, kila mmoja ukishikiliwa na kijiti chake. Baadaye kidudu hicho kilipofika, na mashamba yakapandwa upya kwa miche iliyounganishwa na mashina ya Marekani yanayokihimili, mizabibu ilipangwa kwa safu. Anayetaka kuona shamba la zamani lilivyokuwa atalikuta katika michoro kama hiyo, na mimi siwezi kukubali litawanywe ukutani kwa watu wasiojuana.

Ukurasa wa mbele unatangaza michoro 350. Ihesabu kwa utulivu, kisha ukague kama kurasa zinafuatana, kwa sababu mkusanyaji huuliza kwanza kama kitabu kimekamilika. Jalada la awali la kitambaa usilibadilishe, hata likiwa limechakaa.

Javeli ni hatari: huyeyusha nguvu ya karatasi, na madoa yakiisha leo karatasi itavunjika kesho. Yaache. Adui wako hapo Bukavu ni unyevu, hasa tangu Septemba hadi Mei mvua inaponyesha. Kiweke kitabu kabatini mbali na ukuta wa nje, pasipo nailoni ya kukifunga, kwani humo ukungu huota. Na katika kiangazi, Juni hadi Agosti, kifungue mara kwa mara kivulini kipate hewa, bila kukianika juani.